Uhusiano wa Karibu na Hatari ya Sonona kwa Wasichana: Mambo Yampasayo Mwalimu wa Shule ya Msingi Kuyajua

1. Utangulizi

Katika mafunzo ya mbinu za kufundisha, mwanachuo huelekezwa namna ya kumshughulikia mtoto mtundu, mtoro na mvivu. Watoto hao hujitambulisha wenyewe. Makelele yao hutufikia kabla hatujawatafuta. Makala haya yanahusu mtoto wa namna nyingine. Ni msichana wa darasa la tano, la sita au la saba, ambaye muhula uliopita alinyosha mkono darasani na kucheza rede wakati wa mapumziko, na ambaye sasa amenyamaza. Hamsumbui mtu. Daftari lake ni safi, ijapokuwa kazi zake zimeanza kubaki nusu. Akiitwa huinamisha macho. Na aghalabu mwalimu humsifu mbele ya darasa: “Mtazameni mwenzenu alivyotulia. Huyu ana adabu.”

Huenda kweli ametulia. Huenda pia anaumwa. Ugumu wa jambo hili ni kwamba dalili za sonona kwa msichana zinafanana mno na sifa ambazo jamii zetu humtakia binti mwema: ukimya, upole, kutojitokeza na kutodai. Mvulana akibadilika ghafula tunauliza ana nini. Msichana akinyamaza tunasema amekua. Wahenga walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini shuleni kimya tumekizoea kukipa zawadi.

Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi uhusiano wa karibu, yaani ule wa msichana na wazazi wake, na marafiki zake, na mpenzi kama yupo, na walimu wake, unavyohusika na hatari ya kupatwa na sonona. Hoja yetu ni moja. Uhusiano wa karibu unaweza kumkinga msichana, na unaweza vilevile kumwumiza. Kwa sababu hiyo haimtoshi mwalimu kuhesabu marafiki wa mtoto. Hana budi kuchunguza ni nini kinachopita kati ya mtoto huyo na wale walio karibu naye.

2. Sonona ni nini?

Neno sonona lina asili moja na kitenzi kusononeka. Katika mazungumzo ya kila siku twaweza kusema kwamba mtu amesononeka kwa sababu timu yake imefungwa. Lakini wataalamu wa afya ya akili hulitumia neno hili kwa maana ya ugonjwa. Kwa kipimo chao, huzuni au kutopendezwa na mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu huwa imedumu kwa muda usiopungua wiki mbili, karibu kila siku, tena ikiambatana na dalili nyingine: kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kubadilika kwa hamu ya chakula, uchovu, kushindwa kuzingatia jambo, kujiona hana thamani au ana hatia, na hata kuwaza kufa. Kwa vijana mahali pa huzuni paweza kushikwa na hasira za haraka. Wengine hawasemi kwamba wana huzuni. Husema wanaumwa kichwa au tumbo, na dawa za maumivu haziwasaidii.

Yafaa tutofautishe. Mtoto aliyefiwa na bibi yake na kulia juma zima si mgonjwa, anaomboleza. Aliyeshindwa mtihani akanuna siku tatu ni mtoto kama watoto wote. Sonona hutambulika kwa kudumu kwake, kwa kuenea kwake katika mambo yote ya maisha, na kwa jinsi inavyomzuia mtoto asifanye yale aliyokuwa akiyafanya. Mwalimu si mganga, wala haitakiwi atamke jina la ugonjwa. Kazi yake ni kuona badiliko na kulichukulia kwa uzito.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 katika kila 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili, na kwamba sonona ni miongoni mwa sababu kubwa za maradhi na ulemavu katika umri huo. Katika darasa la wanafunzi 70, idadi hiyo si ndogo.

3. Kwa nini wasichana, na kwa nini umri huu?

Kabla ya kubalehe, wavulana na wasichana hawatofautiani sana katika kupatwa na sonona. Baada ya hapo njia zao huachana. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, wataalamu wamewafuatilia tangu utotoni watu wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Walipotazama habari za sonona waliona kwamba tofauti baina ya wasichana na wavulana ilianza kujitokeza kati ya miaka 13 na 15, ikapanuka zaidi baadaye. Uchambuzi mwingine uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti kutoka nchi zaidi ya 90, uliona tofauti hiyo tayari katika umri wa miaka 12, na ukaiona kubwa kupita zote kati ya miaka 13 na 15. Kwa jumla, wanawake hupatwa na sonona takriban mara 2 kuliko wanaume.

Mwanachuo atazame miaka hiyo kwa makini. Miaka 12 na 13 si umri wa sekondari peke yake. Ni umri wa wasichana wengi walio katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Ina maana kwamba mlango huu hufunguka mbele ya macho yetu, si mbele ya macho ya wenzetu wa sekondari.

Sababu zake ni nyingi na zimeshikamana. Mwili wa msichana hubadilika, na yule anayevunja ungo mapema kuliko wenzake huwa katika hatari zaidi, kwa kuwa watu humwangalia kama mtu mzima ilhali akili yake bado ni ya mtoto. Nyumbani kazi humwongezekea na uhuru humpungukia. Njiani hukutana na maneno na mikono isiyomheshimu. Na jambo linalotuhusu hasa: katika umri huu wasichana wengi hujipima thamani yao kwa uhusiano wao na watu. Hupeana siri, hutarajiana mengi, huumia kwa ajili ya wenzao. Rafiki akigombana na mama yake, msichana huyu naye hakosi usingizi tu, hukosa na hamu ya kula. Kwa hiyo ana visima vingi vya faraja, na kila kisima chaweza pia kuingia sumu.

Hatusemi kwamba wavulana hawapatwi na sonona. Wanapatwa, na wengi huificha ndani ya ugomvi na utoro. Lakini makala moja haiwezi kubeba yote.

4. Uhusiano unaokinga

Mengi tunayoyajua leo juu ya upendo wa mtoto na mlezi wake yalianzia karibu na kwetu. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alikaa Uganda, akiwatembelea akina mama 26 na watoto wao wachanga katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto mwenye mama anayemwitikia vizuri hakung'ang'ania mapajani. Alitambaa akaenda kuchungulia vitu, akageuka kumtazama mama, akarudi, kisha akaenda tena. Mama alikuwa kituo cha kuondokea na kurejea. Ainsworth alichapisha habari hizo mwaka 1967, na pamoja na kazi za John Bowlby wa Uingereza zikawa msingi wa elimu ya mafungamano baina ya mtoto na mlezi.

Msichana wa miaka 13 naye yumo katika safari hiyohiyo, ila sasa anatambaa kwenda mbali zaidi: kwa marafiki, katika mawazo yake mwenyewe, katika dunia ya watu wazima. Akijua kuna mtu wa kumrudia, hujasiri. Akikosa, kila kosa dogo huwa msiba.

Nguvu ya mtu wa kumrudia ilionekana pia kwa watu wazima. Mwaka 1978 George Brown na Tirril Harris walichapisha utafiti wao juu ya wanawake wa Camberwell, mtaa wa London ya kusini. Wanawake waliopatwa na misukosuko mikubwa hawakuugua wote. Mwanamke aliyekuwa na mtu wa karibu wa kumweleza yaliyo moyoni, hasa mume, aliepukana na sonona zaidi kuliko yule aliyeibeba dhiki peke yake. Hapa kuna somo muhimu: kinga haikutokana na wingi wa watu waliomzunguka. Ilitokana na mmoja aliyesikiliza.

Jamii zetu zililijua jambo hili na kuliwekea utaratibu. Katika mwambao, msichana alipovunja ungo alipewa somo, mwanamke mzima asiye mama yake, ambaye alimfundisha mambo ya utu uzima na kuendelea kuwa mtu wake. Katika makabila mengi ya kusini na mashariki ya Tanzania walikuwapo makungwi wa unyago. Kwa Waganda kazi hiyo ni ya ssenga, yaani shangazi. Na karibu kila mahali alikuwapo bibi, ambaye mjukuu aliweza kumwambia yale asiyothubutu kumwambia mama. Hatukubali kila lililofundishwa huko. Mengine yalimharakisha mtoto kwenye ndoa kabla ya wakati wake. Lakini mpango wenyewe ulikuwa na hekima: kila binti alikuwa na mtu mzima aliyetajwa kwa jina kuwa ni wake. Leo wasichana wengi wanakaa mjini katika vyumba vya kupanga, bibi yuko mbali, na shangazi huonekana kwenye misiba na harusi. Somo ameondoka, na pengo lake halikuzibwa.

5. Uhusiano unaoumiza

Wahenga walisema pia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Tutaeleza njia nne ambazo ukaribu huweza kugeuka kuwa hatari.

(a) Nyumba isiyo salama. Ugomvi wa kila siku, dharau, kulinganishwa na ndugu na mapigo humfundisha msichana kwamba yeye si kitu. Zito kupita yote ni ukatili wa kingono. Katika uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009, karibu wanawake 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 walieleza kwamba walitendewa ukatili wa namna hiyo angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Aghalabu mtendaji ni mtu anayefahamika. Mtoto kama huyo anapokuwa kimya, kimya chake si tabia; amefungwa mdomo.

(b) Kutengwa na wenzake. Wavulana wakigombana hupigana na mwalimu akaona. Wasichana wakigombana huweza kumaliza muhula mzima bila kofi hata moja: mmoja hafanyiwi nafasi kwenye dawati, akija watu wanaacha kuzungumza, siri yake inatangazwa. Siku hizi mateso hayo hayaishii kwenye geti la shule. Humfuata nyumbani kwa njia ya simu ya dada au ya kaka. Mwalimu akiulizwa atasema darasa lake lina amani.

(c) Kuwaza na kuwazua kwa pamoja. Hili ni jambo ambalo wengi hawalitegemei. Marafiki wawili wanakaa chini ya mwembe kila mapumziko wakizungumza juu ya jambo moja: kwa nini fulani alisema vile, alimaanisha nini, na itakuwaje. Kesho wanarudia. Mwaka 2002 Amanda Rose wa Marekani aliieleza tabia hii, na mwaka 2007 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi zaidi ya 800 kwa miezi sita. Kwa wasichana, mazungumzo ya namna hiyo yalitangulia mambo mawili kwa mpigo: urafiki uliimarika, na dalili za sonona na wasiwasi zikaongezeka. Kwa wavulana urafiki uliimarika bila madhara hayo. Ni dhahiri kwamba mtego huu ni mgumu kuukwepa, maana kinachomdhuru msichana ndicho kinachompa rafiki wa dhati. Kueleza dhiki ni dawa. Kuichokonoa kila siku bila kutafuta njia ya kutokea ni kukinyima kidonda nafasi ya kukauka.

(d) Mapenzi ya mapema. Mwaka 2000 Kara Joyner na Richard Udry walichapisha uchunguzi uliohusu vijana zaidi ya 8,000 wa Marekani. Wale walioanza uhusiano wa kimapenzi katika kipindi cha uchunguzi walizidiwa na dalili za sonona kuliko wasioanza, na wasichana walizidiwa zaidi kuliko wavulana. Nchi ile si yetu, lakini sehemu ya sababu twaweza kuziona hata kwetu: mapenzi ya siri huleta ugomvi na wazazi, humwondoa msichana kwa rafiki zake, na yakivunjika hana wa kumlilia kwa sababu hakutakiwa kuwa nayo. Kwetu kuna na hofu ya mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania imewaruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa kujifungua warudi shuleni. Waraka huo umefungua mlango wa darasa. Kama wenzake na walimu watamfungulia mioyo yao ni jambo lililo mikononi mwetu.

Kwa kukamilisha maelezo haya yatupasa kutaja mzunguko. Sonona hutokana na uhusiano uliovunjika, na yenyewe huvunja uhusiano. Mwaka 1991 Constance Hammen alionyesha kwamba wanawake wenye historia ya sonona hukumbana na misukosuko mingi zaidi baina yao na watu, na kwamba sehemu ya misukosuko hiyo huchochewa na hali yao wenyewe. Msichana aliyesononeka humwuliza rafiki yake mara kumi, “Bado unanipenda?” Rafiki huchoka, hujitenga, na msichana huona hofu yake imethibitika. Mwalimu anayeujua mzunguko huu hatamlaumu mtoto kwamba “amejitakia mwenyewe.”

6. Mfano wa Uganda Kaskazini

Je, uhusiano ulioumia waweza kuponywa? Tunao mfano ulio karibu nasi. Wakati wa vita vya Uganda Kaskazini, Waacholi wengi waliishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Paul Bolton na wenzake waliwafanyia majaribio vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 katika kambi mbili, wakayachapisha matokeo mwaka 2007. Kwanza waliwauliza wenyeji wayaeleze maradhi ya moyo kwa maneno yao wenyewe. Kisha vijana wakagawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikutana kila wiki, kwa wiki 16, katika vikundi vidogo vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Humo walizungumza juu ya uhusiano wao na watu: kufiwa, kugombana, na mabadiliko makubwa ya maisha, na kila mmoja alitafuta hatua ambayo angeweza kuichukua. Fungu la pili lilifanya michezo na sanaa. La tatu lilisubiri.

Wasichana wa fungu la kwanza walipata nafuu kubwa ya dalili za sonona. Kwa wavulana nafuu haikuwa ya kutosha kuhesabiwa kuwa ushahidi. Tuangalie vizuri jambo lililofanyika. Vikundi vile vilizungumza juu ya dhiki, kama wale marafiki chini ya mwembe. Tofauti ilikuwa kwamba palikuwa na mwongozaji, palikuwa na mwisho wa kikao, na kila mazungumzo yaliishia kwenye swali: sasa utafanya nini, na ni nani wa kukusaidia? Waongozaji hawakuwa madaktari.

7. Kazi ya mwalimu

7.1 Kuchunguza. Mwalimu awe na daftari dogo la kumbukumbu ambalo halisomwi na mtu mwingine. Aandike badiliko, asiandike hukumu. “Tangu tarehe 4 hachezi na wenzake, amekosa shule siku 3, anaomba ruhusa ya kuumwa tumbo” ni kumbukumbu yenye faida. “Anaringa” si kumbukumbu.

7.2 Kuchora ramani ya mahusiano. Mwaka 1932, katika shule ya mafunzo ya wasichana ya Hudson, jimbo la New York, wasichana 14 walitoroka katika muda wa wiki mbili. Jacob Moreno hakutafuta chanzo katika tabia ya kila mmoja peke yake. Alichora nani ameunganika na nani. Mbinu yake yafaa hata katika darasa lisilo na kifaa chochote ila karatasi:

(i) Kila mwanafunzi aandike kwa siri majina ya wenzake watatu ambao angependa kufanya nao kazi ya kikundi.
(ii) Mwalimu, akiwa peke yake, aandike majina yote kwenye karatasi kubwa na kuchora mshale kutoka kwa mchaguaji kwenda kwa aliyechaguliwa.
(iii) Atafute mtoto asiyefikiwa na mshale hata mmoja. Atafute pia wawili waliochaguana wao kwa wao wakajifungia mbali na darasa.
(iv) Atumie ramani hiyo kupanga madawati na vikundi: mtoto aliyetengwa akae na mmoja kati ya wale aliowachagua, aliye mpole, wale wawili wasitenganishwe kwa nguvu, bali waongezewe wa tatu na kazi ya mikono.

Kamwe asiwaulize watoto ni nani wasiyempenda. Kamwe asibandike ramani hiyo ukutani. Na baada ya miezi miwili airudie aone kama mishale imebadilika.

7.3 Kuzungumza. Moyo wa mtu ni msitu, na msituni hatuingii kwa kishindo. Mahali pazuri pa mazungumzo ni pale mnapoonekana na watu lakini hamsikiki: chini ya mti uwanjani, au kwenye kibaraza cha ofisi. Jambo hili humlinda mtoto, humlinda na mwalimu, hasa mwalimu wa kiume. Aanze na alichokiona: “Mwanangu, wiki hizi mbili sijakuona ukicheza rede na wenzako. Kuna jambo?” Jibu la kwanza karibu daima litakuwa: “Hamna kitu, mwalimu.” Asilazimishe. Aseme: “Sawa. Siku ukitaka kusema, mimi huwa hapa saa ya mapumziko,” na siku hiyo ikifika kweli awepo. Akisikiliza, asihubiri, wala asimwambie kwamba kuna wenzake wenye shida kubwa zaidi. Asiahidi kutunza siri yote. Aahidi kwamba hatamwambia asiyehusika.

Mtoto akidokeza kwamba amechoka kuishi, mwalimu amwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtoto wazo. Wataalamu wamelithibitisha hilo, na mara nyingi mtoto huona ametuliwa mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache, na msaada utafutwe siku hiyohiyo.

7.4 Kupeleka panapohusika. Mwalimu amwone mwalimu wa ushauri na unasihi na mwalimu mkuu, kisha kituo cha afya. Mara nyingi mzazi ndiye msaada wa kwanza na anapaswa kuitwa kwa heshima, si kwa kushitakiwa. Lakini pakiwapo dalili kwamba madhara yanatoka nyumbani, kumwita mzazi kwanza kwaweza kumponza mtoto; hapo anayehusika ni Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, na iko simu ya huduma kwa mtoto, namba 116.

7.5 Neno kwa aliye katika mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo hukaa shuleni wiki chache tu. Ni kijana, anacheka na watoto, na huenda akawa mtu wa kwanza ambaye msichana atamfungulia moyo. Kisha mazoezi yataisha naye ataondoka na sanduku lake. Kwa mtoto ambaye ugonjwa wake umetokana na kuachwa, huko ni kuachwa kwa mara nyingine. Kwa hiyo asijifanye yeye ndiye kituo. Tangu siku ya kwanza amtafute mwalimu wa kudumu, au bibi, au shangazi, ambaye mtoto anamwamini, na amwunganishe naye mapema. Wiki ya mwisho amwambie mtoto siku atakayoondoka, amwage. Kutoweka kimyakimya kwaonekana kwepesi kwa anayeondoka tu.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba hatari ya sonona huanza kupanda kwa wasichana katika umri ambao wengi wao wangali mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwamba ukaribu hukinga pale penye mtu anayesikiliza na kuelekeza. Na kwamba ukaribu huumiza pale penye ukatili, kutengwa, machungu yanayorudiwarudiwa, au mapenzi yasiyo na pa kulilia. Hakuna katika hayo linalohitaji fedha za shule. Linahitajika jicho linalotofautisha utulivu na unyonge, na mwalimu ambaye, kabla ya kumsifu mtoto kwa ukimya wake, hujiuliza lini alimsikia akicheka mara ya mwisho.

9. Maswali ya mjadala na mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya msichana mtulivu na msichana aliyesononeka. Taja mambo matatu ambayo mwalimu angeweza kuyaona bila kumwuliza mtoto.

2. Katika jamii unayotoka, ni nani aliyekuwa mtu wa siri wa msichana aliyevunja ungo? Je, yupo hadi leo? Shule yaweza kuchukua sehemu gani ya kazi yake, na sehemu gani haiwezi?

3. Marafiki wawili wa darasa la sita hukaa peke yao kila mapumziko, na wote wawili wameanza kushuka katika masomo. Panga hatua utakazochukua bila kuuvunja urafiki wao.

4. Chora ramani ya mahusiano ya darasa utakalolifundisha katika mazoezi yako. Usiionyeshe kwa wanafunzi. Jadiliana na mwalimu msimamizi jinsi ilivyokusaidia kupanga vikundi.

5. Andika mazungumzo mafupi kati ya mwalimu na mwanafunzi aliyejibu, “Hamna kitu, mwalimu.” Yaigizeni wawili wawili, kisha mbadilishane nafasi.